Pishori ya Wang'uru Yauzwa Kabla ya Wakati Wake

Mtu wa pwani akinunua nazi huitikisa karibu na sikio asikie maji yake. Akinunua samaki humfunua matamvua aone kama damu ingali nyekundu. Embe huliminya karibu na kikonyo, na tende huonja moja kabla ya kukubali kilo. Lakini mtu huyo huyo akifika kwa muuza mchele huuliza bei tu, akapimiwa, akalipa, akaenda zake. Swali ambalo bibi zetu wasingekosa kuliuliza yeye haliulizi: mchele huu ni wa mavuno ya lini?

Nalileta swali hili mbele ya wasomaji kwa sababu ya malalamiko ambayo nimeyasikia mara nyingi mno, barazani na arusini. Husemwa kwamba pishori ya Mwea imeharibika. Yanukia nyumba nzima, lakini ikifika sufuriani hushikana. Mwenye kupika pilau huishia na bokoboko, na mwenye biriani huona haya kuupakua wali mbele ya wakwe. Wengine hukata shauri kwamba wameuziwa mchanganyiko, wakaapa kutonunua tena ila mchele wa Pakistani. Mchanganyiko upo, nami nitaufikia. Lakini naona kwamba katika nyingi ya lawama hizo mkulima asingiziwa na mbegu yasingiziwa. Mchele ni ule ule mzuri. Umepikwa ungali mchanga, basi.

Tuanze na mahali penyewe. Wang'uru, ambao wengi huuita Ngurubani, ni mji mkubwa wa Mwea katika Kirinyaga, kiasi cha kilomita 100 kutoka Nairobi kwa barabara iendayo Embu. Mlima Kenya uko upande wa kaskazini, na kusini yake nchi imelala tambarare, mashamba ya maji yamepangwa kama vipande vya jamvi. Ukifika wakati wa mavuno huna haja ya kuuliza njia. Mpunga umeanikwa juu ya maturubai kila penye uwazi, mashine za kukoboa hazinyamazi, na kando ya barabara wauzaji wamesimama na mifuko ya mchele wakiyainulia magari yapitayo.

Mashamba hayo yalianzishwa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji ya mwanzo ilichimbwa kwa mikono ya mahabusu wa serikali ya kikoloni. Maji yake yatoka katika mito ya Thiba na Nyamindi, ambayo mwishowe huingia Tana, na Tana, kama ajuavyo kila mtu wa Kipini, huja kumwagika kwetu baharini. Kwa hiyo hata kabla ya lori la kwanza la mchele kushuka pwani, sisi na watu wa Wang'uru tulikuwa tumekwisha kuunganishwa na maji. Mwaka 2022 bwawa la Thiba lilikamilika, nia ikiwa wakulima waweze kuvuna misimu miwili kwa mwaka badala ya kutegemea mmoja mkubwa, ule ambao mavuno yake huangukia Novemba na Desemba.

Mbegu iliyoupa mji huu sifa yake ni Basmati 370. Ilichaguliwa na kutolewa kwa wakulima mwaka 1933 katika kituo cha Kala Shah Kaku, Punjab, sehemu ambayo siku hizi imo Pakistani. Hata jina la pishori husemwa limetokana na mji wa Peshawar. Basi yule anayeikimbia pishori ya Mwea kwenda kwa ile ya Pakistani amemkimbia mpwa akamfuata mjomba. Tofauti kubwa baina ya hao wawili wafikapo dukani aghalabu si ukoo, ni umri. Yafaa pia kukumbuka kwamba Mwea hulimwa mbegu nyingine zisizo na harufu, kama ile iitwayo BW 196, ambazo hupendwa kwa wingi wa mavuno. Maneno "mchele wa Mwea" na "pishori ya Mwea" hayana maana moja, na wapo wafanyabiashara wanaofurahi sana tukiyachanganya.

Sasa tuitazame historia yetu wenyewe kidogo. Mombasa ni mji uliozoea kula nafaka ya wengine. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawakuwa na kilimo cha nafaka, wakiletewa kutoka mahali pengine pa pwani. Na kule Mogadishu, kabla hajafika huku, alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli. Karne nyingi baadaye mchele wa Bara Hindi ulikuwa ukitujia kwa vyombo vya kaskazi. Mchele wa namna hiyo ulikuwa umevunwa, ukangojea pepo ghalani, ukakaa majuma baharini, ukafika bandarini, ukangojea tena kwa tajiri. Ulipoingia chunguni ulikuwa umekwisha kukomaa bila ya mtu kukusudia. Pepo ndizo zilizokuwa zikituwekea mchele. Siku hizi mpunga waweza kukobolewa Wang'uru Jumatatu na Jumatano ukawa Kongowea. Barabara imetupa upesi, na ule muda uliokuwa ukifanya kazi kimya kimya tumeupoteza bila kujua kwamba tulikuwa nao.

Nilikwenda Wang'uru Desemba moja kwa shughuli nyingine, nikaona si vyema kupita bila kuonja. Mama mmoja wa makamo, mwenye duka dogo nyuma ya stendi, aliniwekea mbele makarai mawili.

"Mzee, hii imekobolewa jana," alisema. "Na hii ni ya mwaka jana. Imebaki gunia mbili tu."

Niliomba ruhusa nikatia mkono. Ile mpya ilikuwa nyeupe ya kung'aa, ubaridi kidogo kiganjani, na vumbi la pumba likabaki vidoleni. Ile ya zamani ilikuwa na weupe wa pembe, kavu, na ukiimimina ilikuwa ikilia kama changarawe. Nikachukua gao la kila moja, nikaifumba, nikaipulizia pumzi ya moto ya kinywani kisha nikanusa, kama nilivyowaona wazee wakifanya. Mpya ilinijibu mara moja: harufu ya maziwa yaliyotoka kuchemka, na nyuma yake ubichi wa majani. Ya zamani ilikuwa na harufu pia, lakini ya mbali, mfano wa nguo iliyofukizwa udi jana. Nikatafuna. Punje mpya ilisagika chini ya jino bila ya sauti. Ya zamani ilivunjika ka!

Yule mama alikuwa na jiko la makaa nyuma, na kwa ukarimu wake akakubali kupika kikombe cha kila moja kwa maji ya kipimo kimoja na muda mmoja. Hapo ndipo mtu ajionee. Mpya ilikuwa imevimba ikapasuka ncha na kukumbatiana. Ukiinua kijiko chote huja kama andazi. Ya zamani ilikuwa imerefuka karibu maradufu, kila punje na lake, ila moyo wake ulikuwa bado mgumu kidogo, ikidai maji zaidi.

"Wateja wanapenda ipi, mama?"

"Hii mpya, mzee. Wakinusa tu, wananunua."

"Na watoto wako nyumbani unawapikia ipi?"

Alicheka, akafunika lile karai la pili kwa kitambaa. "Hiyo nyingine."

Sababu yake yajulikana. Punje ya mchele ni wanga kwa sehemu kubwa, pamoja na protini kidogo na mafuta machache mno. Siku ya kuvunwa punje hiyo haijatulia. Kadiri miezi ipitavyo protini hujifunga na kukaza kuzunguka chembe za wanga, na mafuta huvunjika, sehemu yake ikashikamana na wanga wenyewe. Punje ya namna hiyo ikiingia majini hukawia kulainika, hunywa maji mengi zaidi, huvimba na kurefuka bila ya kupasuka, na ule ute unaogandisha wali hautoki kwa wingi. Mageuzi makubwa hutokea katika miezi 3 au 4 ya mwanzo, kisha huendelea polepole. Joto huyaharakisha. Ndiyo maana India na Pakistani basmati huwekwa mwaka, pengine miwili, kabla ya kuuzwa, na kila mwaka una bei yake. Wapo pia wenye viwanda wanaoufukiza mchele kwa mvuke ili upate ugumu wa uzee kwa saa chache. Mchele huo huchambuka, sikatai.

Lakini uzee nao una gharama yake, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Ron Buttery, pamoja na wenziwe walichapisha uchunguzi wao juu ya kitu kinachoupa mchele kama pishori harufu yake. Chaitwa asetili-pirolini, na ndicho hicho hicho kinukiacho katika majani ya pandani, mmea wa Asia ulio wa jamii moja na mkadi wetu. Kitu hicho ni chepesi, huruka. Mchele ukikaa, harufu hupungua. Kwa hiyo mwenye kuweka mchele hununua umbo kwa kulipa harufu. Ukiufungua mapema mno una manukato bila mwili. Ukiuchelewesha mno una mwili bila manukato. Baina ya hayo mawili pana kipindi, nami kwa pishori ya Mwea ningekiweka baina ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili baada ya mavuno, ingawa najua wapishi watakaonibishia kwa miezi miwili mitatu huku na huku.

Nimesoma kwamba huko Ulaya wapo watu ambao kazi yao ni kuonja divai nyekundu ingali changa na kali, wakakisia ni miaka mingapi yafaa ilazwe gizani kabla ya kufunguliwa. Kinywaji chenyewe si chetu. Lakini jicho lile la kutazama kitu kichanga na kukiona kitakavyokuwa, bibi zetu walikuwa nalo kwa mchele, na hakuna aliyeliandikia vitabu.

Wala sisemi mchele mpya hauna kazi. Wali wa nazi huuvumilia vizuri, kwani tui lenyewe lataka wali ushikane kidogo, na harufu mbili zile zikikutana hapana mtu atakayeulizia umbo. Kwa vitumbua na mkate wa sinia, ambapo mchele huroweshwa ukasagwa, mpya ni bora kuliko wa zamani, na chenga zatosha. Wali wa mgonjwa na wa mtoto hutaka mpya. Pilau ni mahakama ya kwanza: hapo mchele wa miezi minne waweza kupita ikiwa mpishi ameupunguzia maji na akaupalia makaa kwa uangalifu. Biriani haina huruma. Wali wa biriani huchemshwa, ukachujwa, ukatiwa zafarani na samli, ukapaliwa tena, na kila hatua humpa mchele mchanga nafasi nyingine ya kupasuka. Mpishi mmoja wa arusi wa Mji wa Kale, ambaye amepika kwa watu mamia, aliniambia kwamba yeye hapokei gunia la biriani kabla ya kupika kikombe kimoja mbele ya mwenye arusi. "Ili kesho asije akasema mkono wangu umekufa, mwanangu," alisema.

Kuweka mchele nyumbani si kazi kubwa, lakini pwani yataka tahadhari kuliko bara. Joto letu huukomaza mchele upesi, na joto hilo hilo pamoja na unyevu wa bahari huwalea fukusi na ukungu. Mchele uwe mkavu kweli unaponunuliwa. Mpunga wa kuwekwa hutakiwa usizidi kiasi cha asilimia 14 za unyevu, na mkono uliozoea huujua bila ya mashine. Debe au pipa la kifuniko kinachobana ni bora kuliko gunia. Liwe juu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji ambayo hupitisha unyevu majira ya mvua za masika, na mbali na mafuta ya taa, sabuni na papa mkavu, kwa maana mchele huiba harufu ya jirani yake. Wazee hutia majani makavu ya mwarobaini. Wengine hutia karafuu, nami siipendi karafuu hapo kwa sababu hiyo hiyo ya wizi. Mchele uliokwisha kukobolewa usianikwe juani kwa muda mrefu, punje hupata nyufa na yote yakawa chenga. Na tusichanganye kukomaa na kuvunda. Mchele wenye ukungu, au unaonuka uchachu, hauponi kwa kuoshwa, hutupwa.

Lililo bora kuliko yote ni kuuweka ungali mpunga, ndani ya ganda lake, ukakobolewa kidogo kidogo. Ganda huzuia wadudu na huhifadhi harufu. Wenye kusoma Sura Yusuf wanalijua shauri hilo: Nabii Yusuf alipowaambia watu wa Misri waweke akiba ya miaka saba, aliwaagiza wakiache walichovuna katika mashuke yake, ila kidogo cha kula. Shauri hilo ndilo ambalo mtaalamu wa maghala angekupa leo.

Kama hivyo ndivyo, kwa nini Wang'uru haiweki? Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kitambo, kwa sababu jibu lake haliko jikoni. Tangu 1966 mashamba ya Mwea yalikuwa chini ya Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, na mkulima alilazimika kuipelekea bodi hiyo mpunga wake, akibakishiwa kiasi cha chakula cha nyumbani. Mnamo 1998 na 1999 wakulima walikataa, wakaupeleka mpunga kwa chama chao cha ushirika. Ilikuwa vita kali, wakaishinda. Walipata haki ya kumwuzia wamtakaye. Lakini haki ya kuuza haikuja pamoja na uwezo wa kungoja. Desemba mkulima ana deni la mbolea na la trekta. Januari shule zafunguliwa na karo yadaiwa. Dalali anasimama pembeni ya shamba na fedha mkononi, mpunga haujakauka vizuri, na bei huwa chini kwa sababu kila mtu anauza siku hiyo hiyo. Miezi sita baadaye mchele ule ule umepanda bei na umepanda ubora, na faida zote mbili zimemwangukia mwenye ghala. Aliyeulima hana hata sahani moja ya ule uliokomaa.

Najua atatokea wa kuniuliza: je, huko kuweka unakokusifu si ule uhodhi uliokatazwa? Swali hilo ni la haki. Kukizuia chakula na watu wana njaa ili bei ipande ni dhambi, hilo halina mjadala. Lakini wengi wa wanavyuoni wamepambanua baina ya anayenunua sokoni akaficha na anayeweka zao la shamba lake mwenyewe, na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Mkulima wa ekari 4 anayetia magunia yake ghalani hadi Juni hahodhi chochote. Mtu wa kuulizwa swali lile ni mwingine, yule anayeyanunua magunia ya ekari elfu moja kwa bei ya Desemba.

Na sasa ule mchanganyiko. Kuitia pishori ya Mwea mchele wa bei rahisi uliotoka ng'ambo, kisha mfuko ukaandikwa Mwea, ni lalamiko la miaka mingi huko Wang'uru kwenyewe, na wakulima ndio wa kwanza kuumia kwalo. Mchanganyiko hujulikana kwa urefu wa punje usiolingana, na zaidi hujulikana sufuriani, kwani punje za umri mbalimbali haziivi pamoja: nusu imekwisha kupasuka na nusu ingali na kiini. Nami nauhesabu udanganyifu wa umri katika mlango huo huo. Kila Mwislamu amesikia habari iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ya yule mwenye lundo la nafaka sokoni, ambaye Mtume alitia mkono ndani ya lundo lake akaukuta unyevu. Yule bwana akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke ule uliolowa juu watu wauone. Mchele mchanga si aibu, kama ile nafaka iliyolowa isingekuwa aibu ingewekwa juu. Kinachotakiwa ni mnunuzi aone.

Kwa hiyo matakwa yangu ni madogo. Kila mfuko wa pishori utokao Mwea uandikwe mwezi na mwaka wa mavuno, pamoja na siku ya kukobolewa. Siku ya kufungwa mfuko, ambayo ndiyo tunayoandikiwa, haitufai kitu. Wenye viwanda wanajua tarehe hizo. Zikiandikwa, mchele wa miezi kumi utapata bei yake na ule wa wiki mbili utapata yake, na ghala la ushirika litakuwa na sababu ya kuwepo. Sheria ya stakabadhi za maghala ilipitishwa Kenya mwaka 2019, ili mkulima aweke nafaka, apewe hati, na hati hiyo imsaidie kupata fedha huku akingoja. Ni jambo zuri, ila mara nyingi fedha zenyewe huja na riba, na hapo wengi wetu twarudi nyuma.

Lakini sisi tuna mlango wetu, nao ni wa zamani kuliko benki yoyote. Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla hazijavunwa, mwaka mmoja na hata miwili mbele, akairuhusu biashara hiyo kwa masharti ya kipimo, uzito na muda uliojulikana. Ndiyo salamu ya vitabu vya fiqhi: bei hulipwa yote leo, mali huja siku iliyoandikwa. Fikiri basi wapishi kumi wa arusi, au kina mama wa mtaa mmoja wenye chama chao, wanaolipa Desemba kwa ushirika wa Wang'uru ili wapelekewe Julai pishori ya miezi sita, kavu, isiyochanganywa, kilo kadhaa, hadi mahali fulani. Mkulima amepata karo ya Januari bila ya dalali na bila ya riba. Mpishi amepata mchele wa biriani. Masharti yake mengine, hasa lile la kutotaja shamba moja mahsusi, masheikh watayaeleza vizuri kuliko mimi. Naomba tu wayaeleze hadharani, kwani sijaona bado mlango huo ukibishwa hodi.

Kuna jambo la haraka zaidi. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, nayo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Hii ina maana kwamba kwa miaka michache ijayo mwezi mtukufu utakuwa ukitufikia muda mfupi tu baada ya mavuno makubwa ya Mwea, wakati maduka yamejaa mchele wa wiki chache na kila nyumba inanunua kwa gunia. Anayetaka pilau ya kufuturu iliyochambuka na aulizie mchele wa mavuno ya mwaka uliotangulia, atafune punje moja kabla ya kulipa. Akikosa, na anunue ule mpya kwa jina lake la mpya, apunguze maji, na biriani aiache hadi Idi ya Mfungo Tatu.